Mtu anaishije kwa kuchunguza vigae vya Ureno?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa historia, niko Dar es Salaam. Niliona picha za makanisa ya Ureno yenye kuta za vigae vya buluu na nyeupe, nikaambiwa kuna watu ambao kazi yao ya maisha ni kuvichunguza hivyo tu. Hiyo ni kazi kweli? Mtu anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni, anasomea nini, na nani anamlipa? Nikimwambia baba atanicheka. Naomba unijibu bila kunificha.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Baba akicheka usimlaumu. Mama yangu kule Tanga, akiulizwa mwanao anafanya kazi gani Lisbon, hujibu: "Anahesabu marumaru za makanisani." Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hizi nimeacha, maana amepatia. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu.

Tuanze na jina lenyewe. Wareno hukiita kigae cha namna hii azulejo, na hapa Lisbon utakutana na watu wengi wanaoapa kuwa neno limetoka kwenye azul, yaani buluu. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu hatudanganyiki upesi: ni Kiarabu, az-zulayj, na herufi lam imemezwa na zay vilevile inavyomezwa katika az-zaytun. Maana yake hutajwa kuwa kijiwe kidogo kilichosuguliwa. Na buluu haikuwepo peke yake hapo mwanzo. Ukiingia katika kasri la Sintra utakuta vigae vilivyoagizwa kutoka Seville mwanzoni mwa karne ya 16, enzi za Mfalme Manuel I. Vina kijani, hudhurungi na nyeupe, na nakshi zake ni za Kiislamu waziwazi, ingawa aliyelala chini yake alikuwa mfalme Mkristo.

Buluu na nyeupe zilishika soko karibu karne mbili baadaye, na kisa chake kinapita mlangoni kwenu. Siku moja panda daladala uende kwenye magofu ya Kunduchi. Tazama nguzo za makaburi zilivyopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Watu wa pwani walipamba kaburi na msikiti kwa kauri hiyo. Mambrui, karibu na Malindi, utaona jambo lilelile. Meli za Kireno zilizopita bahari hii baada ya 1498 zilibeba kauri hizo mpaka Ulaya. Wadachi wakaziiga kwa udongo wao, kisha wakawauzia Wareno vigae vya buluu na nyeupe. Kanisa la Madre de Deus hapa Lisbon, ambalo leo liko ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Azulejo, limevaa vigae vya Kidachi. Wachoraji wa Lisbon walipoona wateja wanakimbilia kwa wageni, wakajibu kwa rangi hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1690 hivi. Kwa hiyo unapoona ukuta wa buluu wa Kireno, unaona China iliyopitia Amsterdam.

Kabla ya hapo, karne ya 17, mafundi walikuwa wakifunika kuta nzima kwa ruwaza zinazojirudia, na wenyewe waliziita mazulia. Mbele ya madhabahu waliiga vitambaa vya pamba vya India, matawi na ndege na tausi. Hapa mtu wa pwani ana faida ambayo mwenzake wa Ulaya hana. Neno letu leso ni lenço la Kireno, na mpangilio wa ukuta wa zulia ni ule wa kanga: kuna mji, na kuna pindo. Nilipokuwa mwanafunzi, wenzangu walihangaika kutenganisha vipande vya pindo na vya mji vilivyochanganyika sandukuni. Mimi nilivitenga tu, mkono ulikwisha zoea dukani kwa shangazi.

Sasa tuje kwenye kazi.

Aliyeijenga fani hii, João Miguel dos Santos Simões (1907–1972), hakutoka darasa la historia ya sanaa. Alitokea kwenye shughuli za kiwanda cha nguo mjini Tomar. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Taasisi ya Calouste Gulbenkian ilimwezesha kufanya jambo ambalo wengi wangeliita wazimu: kuorodhesha vigae vya Ureno vyote, jengo kwa jengo. Akazunguka nchi nzima, akaenda Madeira na Azores, akavuka mpaka Brazil. Vitabu vikatoka kimoja kimoja: visiwa mwaka 1963, Brazil 1965, karne ya 15 na ya 16 mwaka 1969, karne ya 17 mwaka 1971. Mwaka uliofuata akafariki. Kile cha karne ya 18 kilichapwa 1979 bila yeye kukiona. Ruwaza za mazulia alizipa namba, na mpaka leo mtafiti akiingia kanisa la kijijini akakuta ruwaza anayoijua, huandika herufi P na namba aliyoiweka mzee yule. Makumbusho aliyohangaika kuyasimamisha pale Madre de Deus yalipata hadhi ya kitaifa mwaka 1980.

Nakutajia habari zake kwa sababu anayeingia fani hii akidhani atakaa kwenye kiti akitafakari uzuri, huondoka mwaka wa kwanza. Kazi ni ya miguu. Unafika kanisani asubuhi, unamsubiri mwenye ufunguo, ambaye mara nyingi ni bibi wa jirani na ana mambo yake. Ndani baridi inapenya kwenye soksi. Unapima ukuta, unahesabu vigae kwa safu za kulala na za kusimama, unapiga picha kila sehemu, unachora gridi na kuandika: hiki kimevunjika, hiki kimebandikwa juu chini, hiki si cha hapa. Kigae cha kawaida kina sentimita 14 hivi kila upande. Ukuta mmoja wa kanisa dogo utakula siku yako nzima. Kisha unarudi kesho, kwa sababu jua la mchana lilitia mng'aro kwenye picha zako.

Ujue pia kigae kinavyotengenezwa, la sivyo utaandika mambo ya ajabu. Udongo huchomwa mara ya kwanza, halafu huchovywa kwenye uji mweupe wenye madini ya bati. Uji ukikauka hubaki kama unga juu ya kigae. Mchoraji hutia rangi juu ya unga huo, nao huinywa papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta. Tanuri la pili ndilo linalougeuza unga kuwa kitu kama kioo. Mchoraji aliyesita, wino wake uliganda pale aliposita, na mimi nauona miaka 300 baadaye. Hapo ndipo tunapotambua mikono ya watu, na hapo pia ndipo tunapojidanganya.

Nikwambie la kwangu. Nilipokuwa mgeni katika kazi nilipewa ripoti ya ukuta katika nyumba moja ya zamani, mandhari ya mawindo. Kulikuwa na mwindaji aliyeshika mkuki, na juu ya kichwa chake wingu lenye kitu kama kwato. Niliandika kurasa nne kueleza maana ya kwato angani: labda ishara ya unajimu, labda hadithi ya miungu ya Kirumi. Ripoti ikasifiwa. Miaka miwili baadaye ukuta ukabomolewa ili utengenezwe, na vigae vikageuzwa mgongo. Mgongoni kila kigae kina alama iliyoandikwa karakanani kabla ya kusafirishwa: herufi na namba, moja ikionyesha safu na nyingine nafasi katika safu, ili fundi wa kubandika asipotee. Kigae changu chenye kwato kilikuwa cha safu ya chini kabisa. Fundi fulani wa matengenezo ya zamani alikichomeka juu kwa kuwa buluu zililingana. Kwato ilikuwa ya farasi, na farasi alikuwa amesimama pale chini muda wote akiwa na miguu mitatu. Sikuhesabu miguu ya farasi.

Tangu siku ile, nikiona kitu cha ajabu ukutani, nauliza kwanza nani alipita hapa na chokaa.

Baada ya ukuta kuna chapa. Wachoraji wa vigae walikuwa na sanduku la picha zilizochapwa kwa mabamba ya shaba kutoka Antwerp, Paris, Roma. Mteja alitaka mawindo, mchoraji alitoa mawindo ya Antonio Tempesta, mchora chapa wa Italia, akachukua simba wa ukurasa huu na farasi wa ukurasa ule, akavipanua. Mfano mkubwa uko Salvador da Bahia, Brazil. Ua wa ndani wa konventi, yaani nyumba ya watawa, ya São Francisco una paneli 37 zilizotengenezwa Lisbon, na zote zinafuata picha za kitabu cha mafumbo ya Horatius alichokitoa Otto van Veen huko Antwerp mwaka 1607. Watawa wa Kifransisko, chini ya jua la Bahia, walizunguka kila siku wakisoma mshairi wa Roma aliyekuwa mpagani. Aliyeligundua hilo hakuligundua kwa kukodoa macho kwenye ukuta. Alikaa na vitabu vya chapa, ukurasa kwa ukurasa.

Hii ndiyo sehemu niipendayo, na nitakaa hapa kidogo. Chapa ikinakiliwa na mchonga bamba mwingine, mara nyingi picha hutoka kinyume, kama kwenye kioo. Kwa hiyo ukikuta askari kwenye vigae ameshika upanga kwa mkono wa kushoto, usianze kutunga nadharia juu ya mashoto katika Biblia. Yawezekana karakana ilitumia nakala iliyogeuzwa, si chapa ya asili. Na ukijua ni nakala ipi, ilichapwa wapi na lini, umepata mwaka ambao ukuta hauwezi kuwa wa kabla yake. Umepata tarehe bila hati yoyote! Nimekaa wiki tatu nikitafuta mbwa mmoja. Nilipompata, mkia wake ukielekea upande uleule, nilitoka nje nikanunua kahawa na kumpigia mama simu. Akasema, "Mbwa?"

Halafu kuna nyaraka: vitabu vya manotari, hesabu za udugu wa kanisa, karatasi zilizoliwa na wino wake wenyewe. Hifadhi kuu ya taifa ni Torre do Tombo, na bila kujifunza kusoma mwandiko wa karne ya 17 utakuwa umeketi mbele ya minyoo. Nyaraka nazo zina mitego. Mkataba mara nyingi haumtaji mchoraji. Unamtaja aliyechukua zabuni, ambaye alikuwa fundi wa kubandika. Bartolomeu Antunes ni kisa mashuhuri. Jina lake limo kwenye paneli kadhaa za karne ya 18, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mchoraji. Nyaraka zinamwita bwana wa kubandika vigae: yeye ndiye aliyekuwa na kazi, wateja na mikataba, na brashi zilikuwa za watu wengine. Kwa upande mwingine yuko mtu aliyetia sahihi P.M.P. mwanzoni mwa karne hiyo. Kazi zake zinatambulika, herufi zake tunazo, ila jina kamili hakuna mwenye nalo. Wengine walitia sahihi waziwazi, Mungu awalipe: Francisco de Matos aliandika jina na mwaka 1584 katika kanisa la São Roque hapa Lisbon, na Policarpo de Oliveira Bernardes alitia sahihi kanisa la São Lourenço kule Almancil, kusini mwa Ureno, mwaka 1730. Tunashikilia kuta hizo chache kama kamba, na nyingine zote tunazilinganisha nazo.

Kuna anayeuliza, yote hayo yana faida gani? Katika makumbusho niliyoyataja kuna mandhari ya Lisbon yenye urefu wa mita 23 hivi, ya mwaka 1700 au karibu na hapo, inayodhaniwa kuwa ya Gabriel del Barco. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi na moto viliteketeza sehemu kubwa ya mji ule. Wanahistoria wa Lisbon wanakuja mbele ya vigae kuhesabu madirisha ya kasri ambalo halipo tena. Swali linalotuhusu sisi linatangulia lao: mchoraji alisimama kando ya mto Tejo akaangalia, au alikaa karakanani na chapa mkononi? Jibu linatofautiana jengo kwa jengo, na mtu akikosea hapo, ramani nzima ya mji uliopotea inakosewa.

Nani analipa? Nakwambia kama nilivyoona. Nafasi za kudumu, katika makumbusho ya umma au chuo kikuu, ni chache na hupatikana kwa ushindani. Wengi wetu tumeishi kwa ufadhili wa utafiti, hasa wa mfuko wa taifa wa sayansi, FCT, na kwa mikataba mifupi. Zipo kazi za halmashauri zinazotaka orodha ya kuta zao, na kampuni za ukarabati zinazohitaji ripoti kabla ya kugusa jengo. Kazi ya namna hii imeongezeka tangu sheria ya mwaka 2017 iliyozuia kubomoa au kung'oa ovyo vigae vya kuta za nje katika nchi nzima. Zipo tafsiri, ziara za kuongoza wageni, mihadhara. Mimi miaka minne ya mwanzo nilikodi chumba na wenzangu watatu, na Jumamosi nilifundisha Kiswahili. Usije ukadhani ilikuwa maonyo ya Mungu. Ndivyo wanavyoanza hata wenyeji.

Kuna pesa moja nyepesi, nayo ni ya kukaa nayo mbali. Vigae vinaibiwa. Mtu atakuja na picha kwenye simu, "dada, hiki ni cha mwaka gani, kinaweza kuuzwa kiasi gani?" Usimjibu kabla hajakwambia kilitoka ukuta gani. Polisi wa upelelezi wa Ureno, kupitia makumbusho yao, walianzisha mradi wa SOS Azulejo mwaka 2007 kwa sababu hiyo, wakaweka picha za vilivyoibwa mtandaoni ili visiuzike. Ripoti yako ya kitaalamu ikiambatana na kigae cha wizi, wewe ndiye uliyekihalalisha.

Kuhusu masomo: digrii yako ya historia inatosha kuanzia. Baada yake shahada ya uzamili katika historia ya sanaa, kisha uzamivu. Kitivo cha Letras, yaani cha lugha, historia na sanaa, cha Chuo Kikuu cha Lisbon kina kikundi cha utafiti wa azulejo kilichoanza kwa jina la Santos Simões, na wanaendesha kanzidata iitwayo Az Infinitum, iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Lakini Kireno ndicho mlango. Si Kireno cha kuagiza chakula. Cha kusoma mkataba wa 1680. Kilatini kidogo kitakusaidia na yale maandishi ya kwenye utepe wa malaika. Na kama ulifeli kemia, fanya urafiki na wakemia: maabara ya HERCULES ya Évora na taasisi ya uhandisi ya LNEC wanaweza kuchunguza kipande kidogo cha rangi wakakwambia mambo ambayo jicho langu halitayaona.

Usijifungie karne ya 18, nayo kila mgeni huikimbilia kwa sababu ya malaika na mapazia. Kuta za nje za karne ya 19, za Porto, Lisbon na São Luís do Maranhão kule Brazil, zina kazi nyingi na watu wachache. Stesheni ya reli ya São Bento, Porto, ina vigae 20,000 hivi vya Jorge Colaço, na abiria wanavipita wakitazama saa. Maria Keil alianza kuzipamba stesheni za metro ya Lisbon zilipofunguliwa 1959, kwa ruwaza tupu, bila mtakatifu hata mmoja, na binafsi naona zile ni bora kuliko makanisa mengi niliyoyapima. Wenzangu wakisoma hapa watanikoromea.

Baba usimwambie neno bado. Anza Kireno, na fungua Az Infinitum jioni moja uone kama baada ya saa mbili bado unataka kuendelea. Halafu Jumamosi nenda Kunduchi na futi kamba, daftari na simu. Chagua kaburi moja lenye nguzo. Pima nguzo, hesabu mabakuli yaliyopo na matundu yaliyobaki wazi, andika kila moja liko upande gani na kwenye urefu gani kutoka chini, wala usikwangue kitu. Nitumie daftari hilo, siyo picha nzuri nzuri. Nitakwambia umekosa kuandika nini, kisha utarudi Jumamosi inayofuata.